Bega la Lalla Beya na Raketi Nyeusi

Lalla Beya ndiye aliyemzalisha mke wangu watoto wetu wote watatu, kwa hiyo siku aliponiletea raketi yake mpya na kuniambia nikaze nyuzi mpaka zilie, sikubishana naye. Hakuna mtu wa Bizerta anayebishana na Lalla Beya. Alikuwa mkunga wa hospitali kwa miaka thelathini na minne, na nusu ya watu unaopishana nao darajani walipita kwanza mikononi mwake. Alipostaafu alihamishia nguvu zake zote kwenye klabu yetu ya tenisi, kwenye viwanja vyetu vinne vya udongo mwekundu, na huko nako akawa anawapigia watu kelele wasukume.

Mimi ni fundi wa raketi wa klabu hiyo. Chumba changu kiko nyuma ya mabafu, kina dirisha moja, redio, na mashine ya kukazia nyuzi ambayo ina umri wa binti yangu mkubwa. Mtu akikatikiwa na nyuzi ananiletea raketi, natoa za zamani, nasuka mpya, nakaza kwa kilo anazotaka. Sifa yangu mjini ilikuwa moja tu: Khemais anakaza. Ukizigonga nyuzi zangu kwa ukucha zilitoa mlio kama wa udi. Vijana walinijia kutoka Tunis kwa sababu fundi wao, walisema, ana mkono wa kukanda mkate. Nilijivunia jambo hilo kuliko ninavyopenda kukiri.

Raketi yenyewe alikuwa ameletewa na mwanawe Wajdi, anayetengeneza lifti huko Marseille, siku alipotimiza miaka sitini. Kabla yake alikuwa ametumia raketi moja kwa miaka kumi na tisa, nzito, rangi imebambuka, mpini wake umeshachukua umbo la kiganja chake. Hii mpya ilikuwa nyeusi tii, nyepesi kama sinia, na ngumu. Ukiishika kichwa na mpini ukajaribu kuikunja, haikubali hata kidogo. Muuzaji alimwambia Wajdi kwamba ndizo wanazotumia vijana wanaobeba vikombe, pamoja na nyuzi za plastiki ngumu za njano. Lalla Beya aliingia nayo klabuni kama mtu aliyebeba mjukuu wake wa kwanza. Nikaikaza kilo ishirini na saba. Alipoigonga ikalia, akacheka, nami nikacheka.

Miezi yote ya kabla ya mvua mipira yake ilipiga mluzi. Sevu yake, ule mpira wa kufungulia ambao unaurusha juu ya kichwa na kuupiga ukiwa bado hewani, ilikuwa inaogopwa hata na wanaume. Kisha ikaja mvua ya Desemba. Msimu wa mvua mipira yetu hunywa maji na udongo ikawa mizito kama viazi, na mwenyekiti wa klabu hanunui mingine mpaka Machi. Lalla Beya aliendelea kupiga viazi vile kwa raketi yake nyeusi, asubuhi nne kwa wiki.

Januari nikamwona bombani ananawa uso kwa mkono wa kushoto. Kesho yake akaninyooshea mkono wa kushoto kunisalimia, na Lalla Beya si mtu wa kumpa mwenzake mkono wa kushoto. Nikamtazama. Akanitazama kwa namna ambayo niliona afadhali niulizie hali ya hewa.

Aliyenieleza ni mumewe, Si Slah; kwetu Si ni Bwana, kama Lalla ilivyo Bibi. Ni mwalimu wa jiografia aliyestaafu, hachezi, lakini hukaa kwenye benchi la uwanja wa pili na gazeti lake kila mkewe anapocheza. Alikuja chumbani kwangu akafunga mlango. Akasema mkewe hawezi kufunga nywele zake mwenyewe, hawezi kuvaa koti bila kusaidiwa, na bakuli kubwa la kuskusi limehamia rafu ya chini tangu Mwaka Mpya. Kila akiulizwa ana jibu.

"Mara ni unyevu, mara ni mto, mara ni godoro," Si Slah akasema. "Godoro tumeshabadilisha. Sasa naona ananiangalia mimi."

Mwishowe walimpeleka kwa daktari, yeye na manesi wawili ambao mkewe aliwafundisha kazi. Picha ya bega ilionyesha kano imechokozwa mpaka imevimba, ila haijachanika. Wiki sita bila sevu hata moja. Kisha akatumwa kwa Sirine, binti wa mfanyabiashara wa viungo sokoni, ambaye sasa ni mtaalamu wa mazoezi ya mwili na amefungua chumba chake karibu na posta. Sirine pia alizaliwa mikononi mwa Lalla Beya. Siku ya kwanza alimlaza kwenye kitanda cha mazoezi, akaanza kumkunja mkono.

"Mama, wewe ulinipiga kofi nilipozaliwa ili nilie," akamwambia. "Leo ni zamu yangu."

Sirine alisema misuli ya nyuma ya bega imelala, na kazi yake yote inafanywa na kano moja ndogo ya mbele, maskini. Akampa mpira mrefu wa kuvuta, aufunge kwenye kitasa cha mlango wa jikoni na kuvuta mara hamsini asubuhi na mara hamsini jioni. Lalla Beya alivuta mara mia mia. Siku ya tatu Si Slah alifungua mlango huo akitafuta kahawa, mpira ukafyatuka ukamvua miwani. Tangu hapo akawa anabisha hodi kuingia jikoni kwake mwenyewe.

Bega likapona. Aprili, mvua imekwisha, Lalla Beya alirudi uwanjani, na watu walisimama kando ya uzio wakampigia makofi. Zilipita siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu alikuja chumbani kwangu, akaketi kwenye kreti ninalokalia mwenyewe, akaiweka raketi nyeusi mezani.

Hakulia. Ni mtu aliyeona mengi, halii ovyo. Alisema tu maumivu yamerudi palepale, kama mgeni aliyesahau kofia.

"Mkono umekataa, Khemais," akasema. "Nimewaambia wanawake wengi sana mwili ukikataa usiulazimishe. Basi na mimi nausikiliza. Nitacheza karata na Slah."

"Si Slah anaiba karata," nikamwambia.

"Najua. Nitamzoea."

Alipoondoka nilibaki nimeishika ile raketi, na moyo wangu ulikuwa mzito, kwa sababu klabu ile bila sauti yake ni viwanja vinne tu na bomba.

Kesho yake Sirine akaja. Hakuwa amewahi kukanyaga klabuni. Akaomba kuiona raketi, akabonyeza nyuzi kwa kidole gumba, akazungushia vidole mpini, akaniuliza nimezikaza kilo ngapi. Nikamjibu kwa fahari, ishirini na saba.

"Ami Khemais," akasema taratibu, "huu ni ukuta. Mpira ukigonga ukuta, kishindo kinakwenda wapi?"

Nikamwambia kishindo kinarudi kwenye mpira, ndiyo maana unakwenda kasi.

"Kinachorudi ni nusu. Na nusu nyingine?"

Aliugusa mkono wangu kwenye kifundo, akapanda na kidole mpaka kwenye kiwiko, mpaka begani, akakiacha hapo. Akaongeza kwamba mpini ni mwembamba mno kwa kiganja cha Lalla Beya, kwa hiyo anaukaba, na mtu anayekaba mpini anakaza mkono wote hadi shingo. Hakusema kosa ni la raketi peke yake. Misuli ilikuwa imelala, na mwili una umri wake. Lakini yeye, alisema, hawezi kujenga upande mmoja huku mimi nabomoa upande wa pili.

Nilikasirika. Msichana ambaye hajawahi kupiga hata mpira mmoja ananifundisha kazi ya miaka ishirini na sita. Siku mbili nilipita njia ya mbali ili nisipite karibu na posta. Siku ya tatu nikaona kukwepa huku hakutanisaidia. Ilikuwa Ijumaa, mchana, watu wote wako majumbani wanakula. Nikachukua raketi nyeusi na ndoo ya mipira ya mvua, ile mizito ambayo mwenyekiti alikuwa bado hajaitupa, nikaingia uwanja wa nne peke yangu. Nikapiga sevu sitini. Mimi si mchezaji mzuri, lakini nina mwili wa mtu anayebeba mashine. Ishirini za kwanza nilifurahi. Kwenye ya arobaini nilisikia kitu kama msumari mdogo juu ya bega. Nikamaliza sitini kwa ukaidi.

Kesho yake asubuhi sikuweza kuinua birika la kahawa. Mke wangu akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimejikaza kilo ishirini na saba.

Nikaenda moja kwa moja kwa Lalla Beya. Nilimkuta jikoni anachoma pilipili za saladi, mpira wa Sirine bado unaning'inia kitasani. Nikamwambia bega lake si uzee. Ni nyuzi zangu, na ile fremu ngumu, na mpini mwembamba, na mimi fundi mzima niliyependa kusikia mlio badala ya kuuliza mkono unasemaje. Nikamwonyesha na mimi siwezi kuinua mkono kupita sikio.

Aliziacha pilipili motoni. Kisha akanivutia kiti, akanibonyeza bega mpaka nikaruka, akasema, "Hapo hapo. Pole sana, ndugu yangu." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka pilipili zikaungua.

Nilimwomba raketi yake ya zamani. Ilikuwa juu ya kabati la nguo, ndani ya foronya. Nikaipeleka chumbani kwangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikasuka nyuzi laini, zile zenye nyuzinyuzi nyembamba nyingi ndani yake, na nikaikaza kilo ishirini na mbili. Mkono wangu ulikuwa unatamani kuongeza. Nikatia kitambaa kingine kwenye mpini mpaka vidole vyake visikutane na kiganja. Nikazigonga nyuzi. Hazikulia. Zilitoa sauti kama mtu anayepiga zulia nyumba ya tatu kutoka kwako. Nikaona aibu kidogo, lakini nikamkabidhi.

Sirine alimruhusu dakika kumi siku ya kwanza, na mipira mipya, bila sevu. Wiki iliyofuata, dakika ishirini. Mwisho wa Mei alipiga sevu tano, akateremsha mkono, akasubiri msumari. Haukuja. Akaniangalia ng'ambo ya uwanja, akauzungusha mkono mzima hewani kama kinu cha upepo, mara moja, mara mbili, mara tatu. Si Slah kwenye benchi alishusha gazeti lake na sikumwona akilisoma tena asubuhi ile.

Kilichobaki kilikuwa Wajdi. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili aliuliza raketi inaendeleaje. Lalla Beya alikuwa akimjibu kwamba inaimba. Hakuwa na moyo wa kumwambia mwanawe kwamba zawadi aliyoinunua kwa upendo ilimlaza wiki sita. Kwa hiyo alicheza na raketi ya zamani, na mchezo ukiisha aliitoa ile nyeusi kwenye begi, akaishika kifuani, akapigwa picha, picha ikaenda Marseille. Mpigaji picha nilikuwa mimi. Nilimwambia hili jambo litatuumbua. Akasema nishike simu vizuri.

Julai Wajdi akaja likizo. Kabla hata hajafungua masanduku alikuwa ameshaandikisha majina yao wawili kwenye mashindano ya Agosti ya familia, yale ambayo mzazi na mwanawe hucheza upande mmoja. Lalla Beya alinijia mbio. Tukakubaliana atavumilia raketi nyeusi siku za mazoezi, kisha siku ya mashindano tutasema imekatika.

Mazoezi ya kwanza nilikaa mlangoni kwangu kutazama. Lalla Beya akatoka na raketi nyeusi. Wajdi akafungua begi lake akatoa nyingine, nyeusi vilevile, pacha wake. Alikuwa amenunua mbili siku ile, moja yake na moja ya mama, ili wafanane. Wakaanza kucheza dhidi ya baba na binti wa duka la dawa. Sijaona mchezo mbaya kama ule. Lalla Beya alikuwa anausukuma mpira kama anayefunga mlango taratibu mtoto asiamke. Na Wajdi, mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, mabega kama kabati, alipiga sevu yake kutoka chini, kama anayewatupia kuku mtama. Kila mpira ulipoingia wavuni walitazamana na kutabasamu, mama na mwana, wakiambiana vizuri sana, vizuri sana.

Si Slah alivumilia gemu nne. Kisha akakunja gazeti, akaingia uwanjani na viatu vyake vya mtaani, jambo lililokatazwa, na hakuna aliyemkataza.

"Wajdi," akasema, "inua mkono wako wa kulia."

"Kwa nini, baba?"

"Inua tu. Kama darasani."

Wajdi akauinua. Ulifika usawa wa sikio ukasimama, na uso wake ukakunjamana kabla hajauzuia. Si Slah akamgeukia mkewe, akamwambia na yeye ainue. Lalla Beya akatazama udongo.

"Nimeishi na bega hili tangu Mwaka Mpya," Si Slah akasema. "Sasa naona nilizaa la pili."

Hapo ndipo yote yalipotoka. Wajdi alikuwa anaumwa bega tangu Februari. Mara tatu alitaka kuiacha ile raketi, na kila Jumapili mama yake alimwambia ya kwake inaimba, basi akaona tatizo ni yeye. Tena aliogopa akisema, mama ataacha kuitumia kwa kumhurumia. Lalla Beya alimsikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni.

"Miezi mitatu nimepigwa picha na hili dude," akasema, "kumbe wewe unaumia ukiniangalia."

"Kwenye picha ulikuwa unacheka, mama."

"Nilikuwa nacheka kwa sababu Khemais hajui kushika simu."

Wakakumbatiana kwa mikono ya kushoto. Binti wa duka la dawa alikuwa anacheka hadi ameketi chini kwenye udongo, na baba yake akauliza kama pointi ile inahesabiwa.

Nilifanya kazi wiki nzima. Wajdi nilimtafutia fremu ya zamani inayokunjika kidogo, nzito upande wa mpini, nikaisuka nyuzi laini kwa kilo ishirini na tatu. Sirine akamfunga na yeye kwenye kitasa. Alimpa zoezi na onyo: sevu za nusu nguvu, na akisikia msumari anaacha papo hapo, hata kama wanashinda. Raketi nyeusi moja ilirudishwa kwenye begi. Nyingine Si Slah aliiomba, na sasa anakung'utia mazulia, na anasema kwa kazi hiyo haina mfano.

Siku ya mashindano upepo wa baharini ulikuwa unavuma, udongo mwekundu unaruka hadi kwenye chai. Lalla Beya na Wajdi waliwatoa watu wa duka la dawa, kisha wakamtoa mwenyekiti na mwanawe, jambo lililofurahisha kila mtu isipokuwa mwenyekiti. Fainali walikutana na Mongia wa mji wa Menzel Bourguiba na binti yake, watu wasiokosea. Seti ya kwanza wakapoteza. Ya pili wakashinda. Kwenye ya tatu, wakiwa nyuma gemu moja, ilikuwa zamu ya Lalla Beya kupiga sevu.

Aliurusha mpira juu, mkono wake wa kulia ukapanda nyuma ya kichwa, ukapita sikio, ukanyooka wote. Sauti ilikuwa nzito na laini, ule mlio nilioonea aibu Aprili. Mpira ukagusa kona ukapita. Mongia hakusogea. Lalla Beya alipiga sevu nne namna hiyo, na moja tu ndiyo iliyorudi. Watu waliokuwa wamesimama kwenye uzio walianza kumpigia kelele yeye sasa, wakimwambia sukuma, sukuma, na wengi wao, nilipowatazama, alikuwa ameshawaambia neno hilo hilo mama zao.

Wakashindwa. Mongia alishinda gemu mbili za mwisho kwa mipira mifupi ya hila, na Wajdi alianguka akijaribu kuufikia mmoja, akabaki amelala akicheka, kaptura yote nyekundu. Mwenyekiti alitoa hotuba ndefu ambayo upepo uliibeba. Washindi wakapewa kikombe, na wa pili matikiti maji manne, ambayo yalikatwa pale pale mezani.

Mongia alikuwa anakula kipande chake cha pili alipouliza, hivi raketi ya Lalla Beya imekazwa na nani, maana na yeye ana kiwiko kinachomsumbua. Wakanionyesha. Nikamwambia aniletee kesho, na asinitajie kilo, anitajie panapouma.

Lalla Beya akafuta mikono kwenye sketi yake ya kuchezea. Akasema uwanja wa tatu uko wazi, na jua bado lipo, na watu wazima hawakai kutazama maganda ya tikiti. Wakaingia tena wote wanne, safari hii Mongia na Lalla Beya upande mmoja, watoto upande mwingine. Nikaombwa nihesabu pointi. Nilihesabu mpaka sauti ikakauka, na mara mbili nilikosea kwa makusudi ili seti isiishe.